Kona Iliyochanwa

Mwalimu mstaafu wa kemia alikutwa amekufa kitini, macho wazi, miwani imemkaa sawasawa, kama anayesimamia mtihani. Inspekta alipoingia sebuleni alijikuta anafunga kifungo cha kola. Mama huyu alimfundisha miaka mitatu, na woga wa kumwogopa Bibi Chujio, kama wanafunzi walivyomwita, haukuwa na habari kwamba mwenyewe keshafariki.

"Dawa zake za usingizi," alisema daktari wa polisi. "Kopo zima, ndani ya chai."

"Na muuaji tunaye," koplo akadakia, kifua mbele. "Mkwe wake. Ndiye aliyepika chai."

Mkwe, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni, pingu mikononi. Chumba cha pili mtoto mchanga alilia, na maziwa yakamlowesha mkwe kifuani.

"Afande, nilipika nikaacha birika mezani, nikaenda kunyonyesha. Nimuue mama mkwe, halafu nikifua nimwachie nani mtoto? Koplo?"

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mtunza maabara wa shule. Huja kila alasiri. Humtilia chai yeye mwenyewe."

Mtunza maabara, mzee wa mvi, alikuwa barazani akilowesha leso kwa machozi. "Niliondoka kabla chai haijaiva, mwanangu. Jikoni sikutia mguu."

Inspekta akakitazama kikombe. Chini palikuwa safi kabisa. Vidonge vikisagwa huacha chokaa, na chokaa haiyeyuki. Hutuama ikawa mashapo. Aliyetia dawa hii aliichuja kwanza.

Akapindua pipa la taka. Kati ya maganda ya viazi ikatokea karatasi ya duara, imekunjwa umbo la pia, ina unga mweupe tumboni. Kona moja ya juu imechanwa.

"Chana kona, wewe! Karatasi ishike faneli! Au unamchujia ng'ombe?"

Nywele za kisogo zikamsimama. Sauti ile ile ya darasani, nyuma ya sikio. Akageuka. Bibi Chujio alikuwa palepale kitini, akimtazama.

Inspekta akakata duara tatu za karatasi, akawaita wote sebuleni, mbele ya macho yale.

"Nataka kuchuja chai iliyobaki. Kila mtu anikunjie moja."

Koplo aliikunja yake ikawa kofia ya mlevi. Mkwe akaizungusha kama ya kufungia karanga. "Mimi nina chujio la plastiki, afande. Haya ya karatasi ni ya wenye vyeti."

Mtunza maabara alikuwa akisimulia urafiki wa miaka thelathini. Mikono ikakunja nusu, ikakunja robo, na vidole viwili vikachana kona. Hapo simulizi ikamkatikia mdomoni.

Inspekta akaweka karatasi ya pipani kando ya ile ya mzee. Pacha.

"Mazoea yana taabu, mzee. Na chokaa hushika alama za vidole. Nizipeleke zikapimwe?"

"Mfunikeni kwanza," mzee akanong'ona. "Asinitazame."

"Sema kwanza."

"Yule binti, mwanafunzi aliyefia maabara, miaka ishirini nyuma. Mimi ndiye niliyebandika jina la kemikali kwenye chupa isiyo yake. Lawama akabeba mwalimu, akastaafishwa kabla ya wakati. Mwaka huu akaanza. Kila alasiri, kikombe mkononi: 'Ile chupa, nani aliibandika?' Kila alasiri, afande! Nikajua amejua. Na binti mwenyewe nikawa namwona, kasimama nyuma ya kiti, ananisubiri nijibu."

Hakuna aliyethubutu kutazama nyuma ya kiti. Koplo, na ukubwa wake wote, alisogea karibu na mlango.

Daktari akakohoa. "Hii ilikuwa mfukoni mwa marehemu."

Ilikuwa barua kwa mama wa yule binti. Inspekta akaisoma kwa sauti: "Mimi ni mzee, nasahau mengi, lakini chupa ile najua niliibandika mimi. Kila siku namwomba rafiki yangu anithibitishie, naye kwa huruma ananyamaza. Nisamehe."

Inspekta akamfungua mkwe pingu. Yule mama akakimbilia mtoto, na kilio kikakoma.

Mtunza maabara aliiomba barua, akaisoma mwenyewe, akarudia tena, kidole kikifuata maneno.

"Hakujua," akasema. Kisha akainua uso, akamtazama marehemu machoni. "Mwalimu kakosea, afande. Nipe kalamu nimsahihishie."

Inspekta akampa kalamu, na chini yake akaweka karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa.