Mcheshi Arudi Kliniki

Mcheshi alikuwa msusi. Mteja aliingia saluni kwake amenuna, akatoka anajifuta machozi ya kicheko. Jina lake halisi watu walishalisahau.

Alipojifungua, muuguzi wa kliniki alimuuliza maswali wanayoulizwa wazazi wote. Je, unalia ovyo? Bado unafurahia mambo uliyoyafurahia zamani? Mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo, mtoto mapajani. Basi Mcheshi akajibu kwa mzaha: anayelia ni mtoto, na kwa sauti ile atakuwa dalali. Muuguzi akacheka, akaandika kuwa mama ni mzima.

Kumbe nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mtoto akilia, Mcheshi aligeukia ukutani. Chakula hakikupita. Alijiona mama wa hovyo kuliko wote, na aibu ikamkaba. Angemwambia nani?

Siku moja alimwacha mtoto analia kitandani, akatoka, akajikuta sokoni. Alirudi mbio. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto. Kesho yake Mcheshi akaenda kliniki peke yake, macho chini.

"Dada, nilikudanganya," alimwambia muuguzi. "Mwanangu simhisi kama wangu. Naona aibu hata kusema."

Muuguzi akafunga mlango. "Kosa ni langu, nilikuuliza mbele ya mkweo. Huu ni ugonjwa, mama. Unaitwa sonona, na huwapata wazazi wengi. Haumaanishi kwamba wewe ni mama mbaya, na unatibika."

Akamuuliza kama amewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto. Mcheshi akasema hapana.

"Ukiwaza hivyo usingoje kesho. Mwambie mtu, uje hapa mara moja. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Usinifiche tena."

Akampeleka kwa mshauri wa afya ya akili, akamwomba Mcheshi awaambie na watu wa nyumbani. Hilo lilimshinda siku mbili. Alipomweleza mama mkwe, mzee aliinamisha kichwa.

"Mimi nilidhani uvivu," alisema. "Nikakusema kwa majirani. Nisamehe, mwanangu."

Tangu hapo mumewe alifua nepi, mama mkwe akambeba mtoto ili mzazi alale. Mcheshi hakukosa siku ya mshauri. Nafuu ilikuja polepole. Siku nyingine uzito ulirudi, naye akasema umerudi.

Aliporudi saluni, alikuwa katikati ya kusuka alipomkumbuka mwanawe. Mikono ikasimama. Hakuwahi kumkumbuka hivyo. Akamwomba mteja radhi, akamwacha na nusu kichwa, akaenda nyumbani kumbeba mtoto.