Nilimkana Mwanangu Ili Nirudishiwe Viza

Nina miaka ishirini na minne. Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini, naishi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mama yangu na binti yangu Rehema, mwenye miaka saba. Binti yangu... Laiti ningeyaandika maneno hayo mawili mapema!

Rehema nilimzaa nikiwa bado mwanafunzi. Baba yake alikwenda Kampala, hakurudi. Mama akamlea, mimi nikarudi darasani. Nilisoma kwa machozi, nikafaulu, nikapata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, masomo yote yakilipiwa. Mimi, binti wa mkulima wa maharagwe!

Fomu ya viza iliuliza: una mtoto? Nilimwuliza Furaha, rafiki yangu wa kwaya.

"Andika hapana," akaniambia. "Benye kuwa na batoto habaendake kule."

Furaha hakuwahi hata kuiona fomu kama ile. Lakini nikaandika hapana.

Viza ikatoka! Kanisani waliniita mbele, wakanishangilia. Kumbe furaha ile ilikuwa ya muda... Wiki mbili kabla ya safari nikapata barua pepe: viza imefutwa. Kwenye orodha ya kambi, Rehema ameandikwa mwanangu. Nilipewa wiki nne kukata rufaa.

Nikakimbilia mjini Mbarara, kwa mzee mmoja wa mtaa wa Nyamitanga anayechapia watu barua. Nilimweleza yote. Nilidhani atanishauri niombe radhi.

"Wewe sema mtoto ni ya mama yako," akasema. "Mama nakuja hapa, naapa, basi. Kazi imekwisha."

Mama alilia sana. "Mwanangu, niape uongo juu ya mutoto?" Lakini nilimbembeleza mpaka akakubali. Akaapa. Nami nikatia sahihi kwamba Rehema ni mdogo wangu.

Je, mliwahi kusikia mama wa namna yangu?

Na kwa kuwa maofisa wangeweza kuja kuhakikisha, nikamfundisha mtoto. Kila asubuhi, nikimvalisha sare ya shule, nilimwuliza mimi ni nani. "Dada Esta," anajibu. Akijisahau akaniita mama, nilimkaripia mpaka midomo inamtetemeka... Mungu anisamehe!

Hakuna ofisa aliyekuja. Baada ya miezi mitatu lilikuja jibu tu: rufaa imekataliwa, na kwa kuwa nimedanganya mara mbili, sitaruhusiwa kuomba tena kwa miaka mingi. Nafasi yangu chuoni wakampa mwingine.

Niliipeleka barua kwa mama mmoja mwanasheria, pale pale Mbarara. Aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Binti yangu, kuwa na mtoto hakukatazwi," akasema. "Walitaka kujua tu. Kwenye rufaa ungekiri kosa, huenda wangekusikiliza."

Niliikunja barua, nikapanda gari la kurudi kambini.

Sasa nalima maharagwe na mama. Hatuongei sana. Tangu aape, hajashiriki meza ya Bwana. Juzi nilimshika Rehema mikono, nikamwambia aniite mama tena. Alitazama mlangoni kwanza.

"Na bale batu bakikuja kuuliza?" akanong'ona.

Nilimwambia hawaji. Hakuniamini, na mpaka leo ananiita dada.

Ndugu zangu mnaojaza fomu, nawasihi: andikeni ukweli wenu, hata kama mnauonea haya. Na kama mmeshadanganya, rufaa iwe ya kutubu. Wakiwanyima, angalau mtarudi nyumbani kwa watoto wenu. Mimi sina viza, na mtoto wangu ananiogopa.