Mama Dozi na Kompyuta Iliyosahau Wagonjwa

Wateja walimwita Mama Dozi. Hakuna aliyetoka dukani kwake kabla ya kusema kwa sauti: vidonge vingapi, mara ngapi, kabla ya kula au baada. Hata wazee wenye mvi aliwasimamisha kaunta kama watoto wa darasa la kwanza, nao walicheka na kutii.

Duka lake la dawa lilikuwa na kaunta ya kioo, rafu tatu, friji ndogo na kompyuta moja. Kompyuta hiyo ilikuwa na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya elfu mbili. Nani anatumia dawa gani. Nani anadhurika na dawa gani. Mumewe, Baba Pacha, ndiye aliyeitunza. Kila Ijumaa alichomeka flashi, akanakili, kisha akaitia flashi mfukoni na kujipigapiga kifua. "Kila kitu kiko hapa," alisema.

Asubuhi moja Mama Dozi alibonyeza kitufe cha kuwasha. Kompyuta ikalia ta, ta, ta, kama ukucha unaogonga bati. Kioo kikabaki cheusi. Akaizima, akaiwasha tena. Ta, ta, ta.

"Baba Pacha, hebu njoo usikie!"

Mumewe aliinamisha sikio. "Labda imechoka tu," alisema. Lakini alikuwa anajikuna shingo, na mkewe alimjua. Akijikuna shingo, mambo si mazuri.

Mara akaingia mwashi wa mtaa wa pili, viatu vimejaa saruji, karatasi ya daktari mkononi.

"Mama Dozi, nisaidie haraka. Mama yangu kifua kimembana. Ana homa kali, hata maneno hayaeleweki."

Mama Dozi alisoma karatasi. Penisilini. Moyo ukamruka. Alikumbuka kwamba katika nyumba ile kuna mtu aliyewahi kupewa penisilini akavimba koo, nusura akate roho. Lakini ni nani? Mama, au mdogo wake anayeishi naye?

"Kati ya mama yako na mama yako mdogo, ni nani dawa hii ilimdhuru?"

"Sijui. Miaka yote hiyo nilikuwa mbali kikazi. Mama mdogo yuko safarini, simu yake haipatikani. Si yote mnayo kwenye kompyuta?"

Mama Dozi alitazama kioo cheusi. Akimpa, huenda akamuua. Asipompa, mgonjwa anazidiwa.

"Sitabahatisha," alisema mwishowe. Akampigia daktari, akamweleza.

"Umefanya vizuri kuuliza," alisema daktari. "Tubadilishe." Akamtajia dawa ya aina nyingine. Mwashi aliichukua na kuondoka mbio.

Mama Dozi alikaa kwenye kiti. Huyo ni mmoja. Wako wengine elfu mbili.

"Mpigie dada yako," alimwambia mumewe.

Dada wa Baba Pacha alitunza kompyuta za hospitali kubwa. Mama Dozi alimwita wifi, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya mitandao, mtaa mzima nao ukamwita Wifi, hata wanaume.

Wifi alifika na mkoba wa vifaa. "Mmeiwasha mara ngapi?"

"Kama mara sita."

"Basi, msiiwashe tena! Diski inajikwaruza. Kila mkiiwasha, mnaharibu zaidi."

"Usiogope, dada," alisema Baba Pacha, akatoa flashi. "Nakala ninayo."

Wifi aliichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Akatazama. Akatazama tena.

"Kaka, hii ni ile picha ndogo ya kubofya tu. Umebeba kibao cha duka, duka lenyewe umeliacha."

"Mwaka mzima nimenakili hiyo tu?"

"Mwaka mzima."

Baba Pacha aliketi polepole juu ya boksi la dawa za kikohozi. Hakuna aliyecheka.

Wifi alichomoa diski na kuiunganisha na kifaa chake. Namba zikaanza kupanda. Asilimia kumi. Ishirini. Ilipofika sitini na moja, ikasimama. Ta, ta, ta. Mama Dozi alishikilia ukingo wa kaunta. Hata gari lililopita nje lilimkasirisha, kana kwamba kelele zake zingeiua ile diski. Dakika arobaini zilipita. Ndipo namba ikasogea. Sitini na mbili.

Saa tisa alasiri Wifi alishusha pumzi. "Nimepata karibu zote. Diski yenyewe ndiyo imekufa."

Kwenye kompyuta ya Wifi, Mama Dozi alifungua kwanza kumbukumbu za mama wa mwashi. Palikuwa na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa: PENISILINI ASIPEWE KABISA.

Alifunika uso kwa mikono. Alilia kama mtu aliyevutwa kutoka katikati ya barabara.

Wifi alimwacha alie. Kisha akasema, "Wifi, leo tumeponea chupuchupu. Tuhifadhi mfumo wote kwenye wingu."

"Wingu gani?"

"Wanaliita hivyo tu. Ni kompyuta za kampuni ya kuhifadhi, ziko mbali, kwenye majengo yenye ulinzi. Nakala yako inafika huko kwa mtandao. Duka likiungua, yenyewe iko salama."

"Na siri za wagonjwa wangu? Watu wazisome huko?"

"Swali zuri. Kila kitu kinafungwa kwa neno la siri kabla hakijatoka hapa dukani. Asiye nalo ataona takataka tupu. Lakini ukilipoteza, hata wewe hufungui. Liandike kwenye karatasi, liweke nyumbani, si dukani. Na kila anayetaka kuingia, simu yako italetewa namba ya kuthibitisha. Usimpe mtu namba hiyo, hata akijiita nani."

"Mimi nitanakili kila Ijumaa," alisema Baba Pacha kwa unyonge.

"Hapana, kaka. Kompyuta itanakili yenyewe kila siku mkifunga duka. Na si mafaili tu. Ni programu, mipangilio, kila kitu, ili mfumo urudi kama ulivyokuwa. Nakala za siku thelathini zinabaki, kwa sababu kosa la leo linaweza kunakiliwa nalo. Kazi yenu ni kujaribu. Kila mwezi, rudisheni nakala kwenye kompyuta nyingine mwone kama inafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu."

Wifi alitia diski mpya kwenye kompyuta ya duka, akarudisha kumbukumbu. Nakala ya kwanza ilichukua siku tatu kupanda winguni. Baada ya hapo yalipanda yaliyobadilika tu, kwa dakika chache. Wifi alimfundisha Mama Dozi kurudisha mfumo kwa mikono yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba Pacha naye alinunua diski ya ziada, akaiweka kwenye mtoto wa meza dukani.

Miezi minane baadaye, bomba la maji la ghorofa ya juu lilipasuka. Mama Dozi alipofungua mlango asubuhi, maji yalimfikia vifundoni. Kompyuta ilikuwa inachuruzika. Alivuta mtoto wa meza, maji yakamwagika pamoja na diski ya ziada.

Ule woga wa zamani ukamrudia. Nje, watu wanne walikuwa wanasubiri. Wifi alikuwa safarini.

"Tufanyeje?" aliuliza Baba Pacha, mkono tayari shingoni.

Mama Dozi aliwatazama wale waliosubiri nje. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, lete kompyuta ya pacha wetu na ile karatasi ya neno la siri."

Waliweka kompyuta juu ya kaunta. Aliandika neno la siri, akakosea. Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja. Simu ikalia kwa namba ya kuthibitisha. Akachagua nakala ya jana, kumbukumbu za wagonjwa zishuke kwanza. Halafu ikabaki kusubiri, na kusubiri kule kulimtisha kuliko maji.

Saa sita mchana orodha ilifunguka. Elfu mbili na mia tatu. Mgonjwa wa mwisho wa jana jioni alikuwemo, pamoja na dawa zake.

Simu ikaita. Alikuwa Wifi, sauti juu. "Nimesikia! Nigeuze nirudi?"

"Endelea na safari yako, wifi," alisema Mama Dozi, akikunja suruali yake iliyolowa. "Nina wagonjwa wananisubiri."