Kipa Aliyewadhamini Mashabiki

Ijumaa baada ya sala, ukipanda lifti ya jengo alilokuwa anakaa Hafidh, hapa mtaa wa Xiaobei nyuma ya soko la Tianxiu, harufu ya wali wa nazi ilikupokea kabla hujafika ghorofani kwake. Mkewe, Sihaba, alikuwa anampikia mdogo wake Rahim, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha huku Guangzhou. Rahim alikuja na metro kila Ijumaa kutoka kisiwa cha vyuo. Alivua viatu mlangoni, akambeba mpwa wake Shifa mabegani, kisha akakaa mkekani kula na shemeji yake. Hafidh alimpenda. Mbele ya wateja wake alimwita "injinia wetu." Sijaona mtu na shemeji yake wakicheka pamoja kama wale.

Mimi ni Jovitha, wa mgahawa wa chapati na maharage hapo uchochoroni chini yao. Mnanijua, na ninyi nawajua, maana mnakula kwangu huku mnapiga kelele. Leo mtanisikiliza mimi.

Rahim alikuwa anasoma kwa ufadhili. Kwao Tanga ameacha mama mjane, na katika watoto wote wa yule mama ni yeye peke yake aliyevuka kidato cha nne. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri injinia. Shahada ile ndiyo ilikuwa tegemeo la ukoo, na Hafidh alilijua hilo kuliko sisi sote.

Rahim alikuwa pia kipa wa Nyati, timu ya wanafunzi wa Kiafrika inayocheza ligi ya vyuo. Sisi wa Xiaobei hatuna timu nyingine huku ya kuiita yetu, basi tukaipenda ile kupita kiasi. Ilianza kwa mchezo tu. Jumatatu watu wanakula chapati, wanabishana nani alistahili kucheza namba tisa, wanakwenda zao kazini. Kisha mabishano yakawa ndiyo kazi.

"Mistari mitano!" Hafidh alifoka siku moja, akinionyesha simu kana kwamba mimi ndiye mhariri. "Tumeshinda mabao matatu, gazeti la chuo limetuandika mistari mitano. 'Wanafunzi wa kigeni washinda.' Kigeni nani? Hawana majina?"

"Mais c'est normal, ni kawaida yao," akajibu Clément, Mkongo wa Lubumbashi anayenunua vitenge. "Kama hawatuandike, tujiandike sisi wenyewe, quoi."

Wakajiandika. Clément akafungua ukurasa wake kwenye simu, na Hafidh akafungua wa kwake, akauita Sauti ya Nyati. Hafidh ana sauti nzuri, sikatai. Akitangaza, hata asiyejua mpira anaacha kijiko. Wafuasi wakaongezeka, kutoka hapa mtaani hadi Dar, na mtu aliyekuwa muuza masinki na vigae vya bafuni akaanza kutembea kama waziri.

Tatizo la wafuasi ni kwamba wanataka kula kila siku. Nyati walipofungwa mechi mbili, Clément alimrukia hewani: "Hafidh hawezi kusema ukweli, kipa ni beau-frère, shemeji yake. Ule kijana anapitisha kila kitu."

Hapo ndipo Hafidh alipomuuza shemeji yake. Ili aonekane hapendelei, alirekodi sauti ndefu akimchambua Rahim mguu, mkono na akili, na mwisho akampachika jina: Chekeche. Ninyi mlicheka. Mlicheka hapa hapa kwangu, mmoja wenu akapaliwa na chai. Kufikia mwisho wa wiki, Rahim alikuwa akishuka metro Xiaobei anaitwa Chekeche na watu asiowajua. Kuna mjinga mmoja alimletea chekeche la unga la kweli, lenye utepe, akampa mbele ya wasichana wa darasa lake waliokuja kununua viungo.

Ijumaa iliyofuata Rahim hakuja. Wala iliyofuata.

"Baba Shifa, umfutie lile jina," Sihaba alimwomba mumewe. Nilikuwa nimepeleka sahani zao, nikasikia mwenyewe.

"Ni utani wa mpira, mke wangu. Mchezaji anatakiwa awe na roho ngumu."

"Mchezaji ni mdogo wangu."

"Nikifuta, Clément atasema nimetishwa na mke."

Haya, jamani. Mwanamume mwenye ndevu anaogopa atakachosema Clément.

Ikaja nusu fainali, kwenye uwanja wa chuo chake Rahim. Sheria za uwanja ule mnazijua, zimebandikwa getini kwa Kichina na Kiingereza, na zilibishaniwa hapa mpaka maharage yangu yakapoa. Hakuna ngoma. Hakuna moshi wala moto wa aina yoyote. Hakuna kuingia eneo la kuchezea. Na mgeni haingii mpaka mwanafunzi amwandikishe kwa jina lake na akubali kumdhamini. Mgeni akiharibu, anayeitwa ni mwanafunzi.

"Sheria ya wenyewe tuiheshimu," alisema Abubakary, mzee wa cargo, ambaye makontena yamempitia mkononi miaka mingi. "Tuko nchi ya watu."

Hafidh alimcheka. "Mzee Abubakary, wewe umekaa Uchina miaka yote hiyo na hujawajua? Ukienda dukani, laobani, mwenye duka, anakwambia *meiyou*, hakuna, bei haishuki. Unafanya nini? Unageuza mgongo. Kabla hujafika mlangoni anakuita mwenyewe. Huku 'hapana' ni bei ya kuanzia."

Watu wote wakakubali, maana ndivyo tunavyoishi hapa. Kila kitu tunachokula na kuvaa kimepatikana kwa kutokubali hapana ya kwanza. Ila duka ni duka. Mlinzi wa geti la chuo hauzi kitu.

Nahodha wa timu, Loïc, alikataa kumwandikisha shabiki yeyote wa Xiaobei. Wenzake nao wakakataa, wana akili. Hafidh akahangaika. Clément alikuwa amekwisha kupata mwanafunzi wa kumdhamini, na Sauti ya Nyati ingekaa nje ya ukuta ikisikiliza kelele za wengine. Basi akamgeukia mkewe, akawa mpole kama mchumba. "Mpigie Rahim. Mwambie nataka tupatane. Nitakuja kumshangilia, yaishe."

Sihaba akaamini. Alitaka kuamini, maskini. Ijumaa zilikuwa zimemwia tupu. Akampigia mdogo wake, na Rahim, kwa heshima ya dada yake, akamwandikisha Hafidh na kundi lake lote kwa jina lake.

Siku ya mechi, mimi, Sihaba na mtoto tukiwa kwenye kundi hilo, alitusubiri getini amevaa glavu. "Shemeji," alimwambia Hafidh, akimshika mkono kwa adabu ileile ya siku zote, "nakuomba uache vitu viwili tu, ngoma na moshi. Wameniambia kitakachotokea ni juu yangu."

"Injinia wetu, wasiwasi wa nini?" Hafidh akamkumbatia mbele ya watu.

Rahim aliingia ndani akitabasamu. Tabasamu lile nililiona, na ndilo linaloniuma.

Ngoma ilikuwa kwenye gari la Hafidh. Mlinzi akatikisa kichwa: hapana. Hafidh akabembeleza, akatoa sigara, akageuza mgongo, akarudi. Mlinzi akakataa tena, ngoma ikabaki nje. Watu wakamzomea Hafidh kwa utani, na hilo lilimkera kuliko sheria yenyewe. Lakini mkoba wa shule wa Shifa haukupekuliwa, kwa sababu nani anapekua mkoba wa mtoto wa miaka saba mwenye vifungo vya nywele vya pinki? Ndani yake, chini ya chupa ya maji na daftari la kuchorea, baba yake alikuwa ameficha mirija ya moshi wa rangi. Mkewe hakujua, na mtoto mwenyewe hakujua alichobeba.

Mechi ilikwenda sare hadi dakika za mwisho, wapinzani wakapata penalti. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua uwanja mzima ulikuwa umesimama: Rahim alikuwa amelala kulia, mpira uko kifuani, anaubana kama mtoto mchanga. Sihaba alilia kwa sauti. Ilikuwa siku bora ya kijana yule tangu afike nchi hii, na ilidumu muda wa kupumua mara chache.

Hafidh alikuwa amekwisha kuwasha. Moshi wa chungwa ulifoka, akaruka uzio, simu mkono mmoja na mrija mkono mwingine, akarusha picha moja kwa moja huku akipiga mayowe: "Chekeche kadaka! Wapenzi wa Sauti ya Nyati, Chekeche kadaka!" Nyuma yake waliruka wengine, na majina yao ninayo kichwani. Mlinzi mmoja kijana alijaribu kumnyang'anya mrija, ukamuunguza kiganja mpaka ngozi ikabanduka. Hafidh aliuachia ukaanguka kwenye nyasi za bandia, zikashika moto na kuyeyuka mbele ya goli. Rahim alikuwa anauzima kwa glavu zake. Kwenye picha alizorusha shemeji yake anaonekana vizuri, amepiga magoti kwenye moshi, anapigapiga chini.

Mechi ikavunjwa. Jioni ile ukurasa wa Hafidh ulipata watazamaji ambao hakuwahi kuwaota. Gazeti la chuo, lile mlilolilaumu kwa mistari mitano, na vyombo vya habari vya mji safari hii viliandika kirefu na kuweka picha. Na jina la Rahim waliliandika, kamili, kwa herufi zao na zetu.

Chuo kilimwita Rahim. Hawakumuuliza nani aliwasha, waliuliza nani alidhamini. Wakamwambia ufadhili umekwisha na masomo yamekwisha, na kibali chake cha kukaa nchini kitafutwa.

"Nenda ukawaambie ni wewe," Sihaba alimwambia mumewe. Hakupaza sauti. "Mlinzi umemuunguza wewe. Nenda useme."

"Nikienda, polisi wananishika. Kontena langu liko bandarini Nansha linasubiri kupakiwa. Mambo yakipoa, nitaandika barua."

"Yakipoa, Rahim atakuwa wapi?"

Hafidh alikuwa anatazama simu. Clément alikuwa ameanzisha mjadala wa nani alaumiwe, na watu walikuwa wanahamia kwake. Sasa sikilizeni mtu alichofanya. Alifungua kura kwenye ukurasa wake: *Nani alaumiwe kwa yaliyotokea? Walinzi, uongozi wa chuo, au kipa aliyeshindwa kuwaeleza walinzi mapema?* Jina lake mwenyewe hakuliweka. Na ninyi mkapiga kura. Wengi wenu mlimchagua kipa. Yule mjinga wa chekeche aliandika kwamba hata nje ya goli kijana kapitisha.

Rahim alisoma. Najua alisoma, kwa sababu alikuja kwangu kuniaga, akala chapati nusu, akaniuliza, "Dada Jovitha, kwani wale watu nimewakosea nini?" Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya nakoroga chungu.

Uwanja wa ndege nilikwenda na Sihaba. Alikuwa na mabegi yake na ya mtoto. Hafidh alikuja akidhani anamsindikiza shemeji. Alipoyaona mabegi yale alishtuka.

"Sihaba, unakwenda wapi na mwanangu?"

"Nampeleka mdogo wangu kwa mama. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba niliyemwomba awaandikishe ni mimi." Akamtazama. "Na wewe Baba Shifa, sema neno moja tu kwa Rahim. Moja. Tukiwa bado tumesimama hapa."

Rahim alikuwa amesimama pembeni na begi moja, viganja vimefungwa bandeji. Alimsubiri. Alikuwa bado tayari kumsamehe, nilimwona. Hafidh akafungua mdomo.

Simu ikalia. Ilikuwa kipindi cha Clément, hewani, maelfu wanasikiliza: Jumapili mechi inarudiwa, Nyati hawana kipa, Hafidh ana maoni gani?

"Dakika moja," akawaambia mkewe na shemejiye. Akageuka, akakohoa, akaitoa sauti yake nzuri. "Ndugu wasikilizaji, suala la kipa ni suala zito..."

Alichambua. Akataja majina, akalinganisha urefu. Alipogeuka, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimebaki mbele yake. Sihaba, Rahim na mtoto walikuwa wamekwisha kuvuka ukaguzi, na Shifa hakuruhusiwa kugeuka nyuma.

Sihaba hajarudi. Ananipigia mara moja moja. Anasema mama yao haulizwi tena na mtaa kuhusu injinia, kwa sababu amekoma kutoka nje. Rahim anafunga nyaya kwenye nyumba za watu, kibarua, na mpira hautazami hata kwa dirisha la jirani. Hafidh bado anatangaza. Wafuasi wake wameongezeka.

Funzo

Mpira haukumwangusha Rahim. Aliangushwa na sisi, tunaompenda mchezaji tukiwa tumeshiba na kumtafuna tukiwa na njaa ya maneno. Shabiki anayeweka watazamaji wake mbele ya ndugu yake hana timu wala ndugu, hata akipiga kelele kiasi gani.

Mtu akikudhamini, amekukabidhi maisha yake. Ukivunja sheria ukiwa chini ya jina lake, adhabu unamwachia yeye. Na hapana ya geti si hapana ya duka. Haina punguzo, hata ukigeuza mgongo mara kumi.

Wazazi, msifiche uovu wenu kwenye mikoba ya watoto. Wenye kurasa, mkikosea jiandikeni ninyi kwanza. Na wewe uliyepiga kura ile, chapati nitakuuzia kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini usiniulize Sihaba hajambo.