Kaa la Moto la Sabina

Jumapili moja tulikuwa jikoni kwangu tunamenya viazi, mimi na mdogo wangu Oona, na picha ya zamani iko mezani katikati yetu. Nje theluji ya mwisho ilikuwa inadondoka kutoka kwenye paa. Picha yenyewe ni ya rangi ya chai, ilipigwa na mpiga picha wa kuzunguka siku zile wazee wetu wametoka Ireland na kufyeka msitu kando ya barabara ya Opeongo, huku Kanada. Watu sita wako mbele ya nyumba ya magogo. Katikati ameketi Honora, mke wa Thady Mulvihill, bibi tuliyeambiwa tumetoka kwake, amepakata mtoto mchanga mnene. Watano wanatazama kamera. Wa sita ni mwanamke aliyesimama pembeni, aproni yake ameikusanya mkononi, na yeye hatazami kamera. Anamtazama mtoto.

Nyumba hiyo niliitafuta miaka na miaka. Picha niliirithi mimi kwa mama. Kila kiangazi nilizunguka nayo na kigari changu, nikigonga milango ya wazee, nikilinganisha kilima kilicho nyuma ya lile paa na kila kilima kilichonipitia machoni. Sikuipata. Jumapili ile ya viazi Oona akaiazima picha kwangu kwa wiki moja tu, mumewe Garrett, ambaye kazi yake ni kununua mbao kwa wakulima, akaitazama huku anakunywa chai na kusema kilima hicho anakijua. Wakaenda, wakaikuta nyumba imesimama, ndani wanalala ndege. Kabla ya mwaka kwisha wakawa wameinunua, wameiezeka na wamehamia. Kisha Mungu akaona haitoshi, akawapa na mtoto.

Nitasema wazi, maana bila hilo hamtaelewa: roho iliniuma. Mimi mimba haikuwahi kunikalia, na mume wangu alikufa na kuniacha na viti viwili vitupu mezani. Oona nilimlea mwenyewe mama alipougua, nikamsuka nywele, nikamfundisha kusoma. Leo ana mume, ana nyumba niliyoitafuta mimi, ana Finbar mwenye mashavu kama viazi vipya. Nilimpelekea mkate wa magadi na soksi za mtoto nilizozifuma, nikacheka nao vizuri, kisha nikarudi kulia ndani ya gari.

Sisi tuna mwiko. Asubuhi ya Mei mosi moto hautoki ndani ya nyumba, wala chumvi, wala maziwa. Jirani akija kuomba kiberiti unamwambia kimekwisha, hata kama anakiona pale juu ya jiko. Anayeondoka na moto wako siku hiyo ameondoka na baraka ya nyumba yako: maziwa, siagi na afya ya walio wadogo. Mama alikuwa anafunga mlango mpaka adhuhuri. Oona analijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu, na Garrett alizoea kumtania kwamba kila Mei mosi ameoa bibi kizee.

Mei ile ilipoingia, siku chache tu, Oona akanipigia simu. Maziwa yake yalikuwa yamekauka ghafla, na Finbar chupa haitaki. Garrett akaja kunichukua, maana gari langu lilikuwa kwa fundi tangu Pasaka, injini iko chini. Njiani alisema tu kwamba daktari amempima mtoto mara mbili na hajaona ugonjwa.

Nilimkuta mtoto amenyauka. Uso wake umekuwa wa mzee. Oona alikuwa ameketi kando ya jiko la kuni, akanisubiri mpaka Garrett alipotoka kwenda kuchota maji.

"Dada," akaninong'oneza, "lile kaa la moto ulilipeleka wapi?"

Nikamuuliza kaa gani.

"La Mei mosi. Ulikuja alfajiri umevaa aproni yako ya buluu. Hukusema neno, ulinyoosha aproni tu."

"Na ukanipa?"

"Mtu baki ningemnyima. Wewe ni dada yangu."

Nikamweleza taratibu kwamba asubuhi ile nililala mpaka jua likapanda, na kwamba kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa nzima kwa gari, nami gari sina. Akasema alikuwa amejiuliza kwa nini nimekuja bila viatu, na matope yote yale.

Akanipa mtoto nimshike ili akaweke birika jikoni. Alikuwa mwepesi. Mwepesi mno. Nikamlaza kifuani, naye akageuza kichwa, pole pole, akaanza kutafuta kwa mdomo. Kifua kikanibana. Nikahisi kitu cha uvuguvugu kinashuka tumboni. Nikatazama chini. Blauzi yangu ilikuwa imelowa.

Nina umri wa mwanamke mwenye wajukuu. Sijawahi kuzaa. Yalikuwa maziwa.

Mngedhani niliogopa. Kwanza nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na hofu ikaja nyuma yake, imechelewa. Nilipoinua macho Oona alikuwa ananitazama kifuani. Alikuja akamchukua mwanawe mikononi mwangu na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Kesho yake nikabeba picha, nikapanda basi kwenda kwa shangazi Concepta, dada wa baba yetu, anayetunzwa na masista huko mjini. Ni mzee sana, lakini akili yake bado ni wembe. Nikamweleza kila kitu. Hakushangaa. Aliweka kidole juu ya yule mwanamke wa pembeni.

"Huyu ni Sabina," akasema. "Mke wa ndugu yake Thady. Alizaa na kuzika, alizaa na kuzika. Nyumba zao zilikuwa zinatazamana, na kila siku anamwona mwenzake ananyonyesha mlangoni. Mei mosi akaenda kumwomba kaa la moto. Honora akamwonea huruma. Mke wa shemeji si mtu baki."

Nikamuuliza yule mtoto mnene alikuja kuwa nani kwetu.

"Hakuwa mtu kwetu. Alizikwa kabla ya mavuno. Sabina ndiye aliyepata mwana mwaka uliofuata, akamnyonyesha mpaka akatembea. Huyo ndiye babu yangu."

Nikabisha. Maisha yetu yote tumeambiwa sisi ni wa Honora, wa yule aliyeketi katikati. Nilizunguka nchi nzima na picha ile kwa sababu yake. Shangazi akacheka na ufizi mtupu.

"Kila mtu humchagua wa katikati. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Dympna. Tazama taya la Sabina, halafu ujitazame kwenye kioo."

Sikuhitaji kioo. Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema moto wa namna hiyo hauzimi, mahali ulipo upo. Lazima urudishwe na mkono uleule, kwa hiari, bila neno kutoka kinywani. Sabina aliombwa aurudishe. Thady alimpigia magoti.

"Alikataa," shangazi akasema. "Angekubali, mimi na wewe tusingekuwepo."

Jioni hiyo nikalichukua gari kwa fundi, limepona, nikaliendesha mpaka kwangu. Jiko langu la kuni sikuwa nimeliwasha tangu theluji iyeyuke, napikia umeme. Nilisimama mbele yake bila kuvua koti. Nikalifungua.

Majivu. Na katikati ya majivu, kaa moja jekundu, kubwa kama yai la kuku. Halikutoa moshi. Lilikuwa linang'aa na kufifia, linang'aa na kufifia, kama kitu kinachopumua usingizini.

Nikageuka kuitazama aproni ya buluu kwenye msumari wake. Ilikuwa na tundu lililoungua.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaketi kwenye kiti na kulitazama lile kaa mpaka giza likaingia. Kifua kilikuwa kizito, kinauma kwa utamu. Nikawaza kwamba si lazima Finbar afe. Nikimnyonyesha mimi, atapona. Oona atakubali, atakataaje, mtoto anakufa? Ataniletea mwenyewe. Atakaa kwangu. Atajua harufu yangu kabla ya ya mama yake. Nilitaka. Sina neno la kupambia hilo.

Kilichoninyanyua kwenye kile kiti ni kitu kidogo. Oona alipopata surua utotoni, alinishika kidole gumba usiku kucha na hakukiachia, na kila nilipojaribu kukitoa alisema, "Dada, usiende." Kumbukumbu hiyo ilinikasirisha. Hata pale alikuwa anachukua. Lakini nilinyanyuka.

Nililichota kaa kwa koleo, nikalitia kwenye ndoo ya chuma juu ya majivu, nikaliweka miguuni pa kiti cha abiria. Nilifika kwao kabla hawajalala. Garrett alifungua mlango na kusimama hapo hapo, kipande cha kuni mkononi. Oona alikuwa nyuma yake na mtoto. Sikusema neno. Nikampita. Nikafungua jiko lao na kuliweka kaa ndani.

Moto ukashika kwa sauti. Kifua changu kikanywea mara moja, kama mfuko uliotobolewa. Na Finbar, ambaye siku nzima hakuwa na nguvu ya kulia, akapiga ukelele wa njaa ulioijaza nyumba. Oona akaketi sakafuni na kufungua vifungo vya gauni. Nilisikia mtoto anavyomeza. Nikarudi nyumbani usiku uleule, mkavu, na aproni ya buluu nikaichoma uani mpaka ikawa vumbi.

Finbar sasa anakwenda shule, na ana kelele. Picha ile Oona alisema nikae nayo mimi, hataki imwone mtoto. Tulibaki kuwa ndugu. Ila kila ninapomshika mkono, hunitazama miguuni kwanza, kisha usoni.

Mwaka huu amejifungua binti. Akampa jina langu. Watu wakaona ni heshima, nami nikashukuru mbele za watu. Nyumbani nikajiambia kwamba hata jina wamelichukua.

Jana, mkesha wa Mei mosi, nilifanya kama nifanyavyo kila mwaka. Nilikomba jiko hadi chuma kikaonekana. Nilifunga madirisha. Nilimwomba jirani yangu, mjane Culhane, anifungie mlango kwa nje na kuondoka na funguo, na yeye kwa kunizoea hata haulizi tena. Nikalala na soksi.

Leo nimeamka jua liko juu. Mlango umefungwa. Jiko ni baridi, nimeingiza mkono wote mpaka ndani. Nikamshukuru Mungu, nikateleka chai, nikageuka kuchukua kikombe.

Aproni ya buluu iko kwenye msumari wake.

Ile niliyoichoma. Tundu liko palepale. Pindo limelowa, na lina matope mekundu ya kilima cha kwa Oona. Katikati imekusanywa na kufungwa fundo, kama anavyofunga mtu aliyebeba kitu. Nimeisogelea. Inatoa joto.

Simu imelia, ikakatika, imelia tena. Soksi zangu sizioni. Gauni langu la kulalia limelowa kifuani.

Nitaurudisha moto. Nilishaurudisha mara moja, njia naijua. Ila acha kwanza nikae kidogo.