Kona, Baba!

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, hii ni kweli tupu. Anayebisha aishie hapa hapa!

"Shemeji, naachia mimi!"

"Usiachie..."

Akaachia!

Kabati la milango mitatu likamlalia Jabali kifuani, katikati ya ngazi za ghorofa ya tatu. Shemeji mtu, aliyeshika kwa juu, huyooo... kapanda mbio, kajifungia ndani, kandambili moja kaisahau!

Sasa nisikilizeni. Jabali si mtu wa mchezo. Kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu. Aliwahi kushusha friji peke yake huku anapiga mluzi, na mayai ndani hata moja halikupasuka!

Ila kabati halitaki ubabe. Wa chini hushuka kinyumenyume, haoni ila mbao puani. Wa juu ndiye macho yake, anamwitia kila hatua. Kwa Jabali, wa juu alikuwa mwanawe wa pekee. Ndiyo maana tukamwita Macho.

"Ngazi, baba! Ngazi tena! Kona, baba!"

Macho akashikwa na homa. Wiki haikuisha, tukamzika.

Tangu hapo Jabali akabaki kiwiliwili. Chai inampolea mkononi. Ukimuuliza mke wake yuko wapi, anakujibu, "Eeh."

Na siku hiyo, kwenye kona, alisimama tu. Shemeji aliita mpaka koo likamkauka. Jabali hasikii... anasubiri sauti nyingine. Ndipo yule akachoka, akaachia.

Majirani tukadaka miguu ya kabati kwa juu. Lakini asipogeuka yeye, sisi tufanye nini?

"Geuka, Jabali! Utakufa, baba wee!"

Machozi yanamtiririka. Hageuki!

Hapo sasa... kutoka juu kabisa, ambako hapakuwa na mtu, ikashuka sauti ya marehemu!

"Kona, baba..."

Jabali akageuka! Ngazi kwa ngazi hadi chini, kabati bila mkwaruzo!

Wapendwa, funzo ni kwamba...

"Funzo gani hilo, mzee?"

Mamaaa! Mke wa Jabali kasimama nyuma ya kiti changu, anasoma simu yangu!

"Na kile kikohozi, mbona hukiandiki?"

"Kikohozi gani tena, mama?"

"Mwanangu hakuwahi kukohoa kabla ya kuita. Ni wewe uliyeita! Na mume wangu alijua pale pale."

"Alijua... na akageuka?"

"Akageuka. Sasa yuko kwenye kona ile ile, kanyoosha mikono, kabeba hewa. Tangu asubuhi! Nimemwita mimi, hasogei. Umeyaanza mwenyewe, mzee. Njoo uyamalize."

Basi haya mengine nayaandikia ngazini, bega limeegemea ukuta. Mtu ambaye ningeweza kumzaa, nami namwita baba.

"Kona, baba."

Kageuka. Anatazama juu, lakini si mimi anayemwona.

"Ngazi, baba."

Kashuka moja. Kasimama. Anasubiri.

Funzo lenyewe ndilo hili, jamani: ukiazima sauti ya marehemu, huna wa kumrudishia.

Kikohozi kinanipanda, nakibana. Ngazi bado ni nyingi. Na hata tukifika chini, sijui mzigo wenyewe tutautua wapi...