Nafunga Jumamosi

Injini ilikuwa imeshawashwa na mtambo wake wa redio ya mawasiliano umeshaingizwa kwenye buti la basi, umeviringishwa blanketi, ndipo fundi friji akagundua kwamba hata hasira imemwisha. Alibaki na uchovu tu. Miaka hamsini na mitatu, shati la kaki lenye doa la grisi, viatu vimelika upande mmoja, anahamia chumba cha uani kwa dada yake mkubwa.

Simu ikalia.

"Umeshapanda?" dada akauliza.

"Nipo mlangoni."

"Na yule bibi yako wa hewani?"

"Anaolewa leo."

"Miaka minne mnazungumza, hujamwona hata kisigino, leo unahama mji kwa ajili yake. Mdogo wangu, wewe ni wa kufungiwa kabatini."

Kati ya fundi na yule bibi wa hewani, mshonaji wa nguo, palikuwa na vilima vitatu. Sauti iliruka mgongo wa kimoja, ikajikokota hadi wa pili, na ikifika ilikuwa imekwaruzika, maneno mengine yameshaangukia njiani. Ndiyo maana fundi alizoea kusema kila kitu mara mbili, mpaka wenzake wa hewani wakambandika jina la Narudia. Namba za simu walikataa kupeana. "Simu kila mtu anayo," mshonaji alisema.

Siku tisa nyuma, sauti yake ilikuja vipande vipande: "Mpenzi... nafunga... Jumamosi."

Ndoa, fundi akajua. Akazima mtambo bila kuaga, akapanda paani kung'oa antena.

"Kiti namba ngapi?" kondakta akauliza.

"Kumi na nne. Narudia, kumi na nne."

Nyuma yake, mwanamke aliyevaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akatua chini cherehani aliyoshuka nayo basi la jirani.

"Hebu sema tena," akasema.

Sauti ile ile, bila mkwaruzo hata mmoja. Fundi akageuka.

"Kumi na nne."

"Kumbe u hai. Nimekuita siku tisa, baba wee, nikasema ameshazikwa huyu."

"Wewe si unafunga ndoa leo?"

"Na nani?"

"Ulisema unafunga Jumamosi."

"Nafunga mtambo kabisa! Nahamia huku. Nimechoka kupendana na vilima."

Fundi akatazama viatu vyake. "Neno moja tu lilidondoka."

"Na wewe, bingwa wa kurudia, siku hiyo mdomo ulishindwa kusema 'rudia'?"

"Niliogopa ungerudia kweli."

Mshonaji akamkung'uta vumbi begani kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Mzee, unapanda au hupandi?" kondakta akauliza.

"Sipandi." Akamtazama mshonaji. "Narudia, sipandi."

Basi likaondoka, na mtambo ndani yake.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, siku ya Jumanne, wakaishi vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji. Dada alinuna mpaka alipotengenezewa friji yake. Mtambo ulimfikia salama. Akaweka televisheni juu yake. Ule wa mshonaji aliuchukua mwalimu mmoja ng'ambo ya vilima, na hadi leo anautumia. Fundi alipofikisha miaka sitini na mmoja masikio yalimchoka, na tangu hapo anayerudia ni mkewe.